Pampu ya pumu na dawa inayobaki kwenye ulimi

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenye pumu na wauzaji wa maduka ya dawa. Wagonjwa wengi husema pampu "imewashinda". Mara nyingi dawa ni nzima kabisa, ila haikufika ilikotakiwa.

Papasa shingo yako mbele, chini ya zoloto. Vile vigumu unavyovigusa ni pete za gegedu zinazoshikilia trakea, bomba kuu la hewa, isibonyee. Chini yake bomba hilo hugawanyika kulia na kushoto, kila tawi likizaa matawi mengine, zaidi ya mara 20. Bronkioli, vijia vidogo vya mwisho vyenye upana usiofika milimita 1, hazina gegedu. Zimezungukwa na misuli laini, na kwa mwenye pumu misuli hiyo hujikaza akikutana na vumbi, moshi wa mkaa, mafua au baridi ya alfajiri. Wakati huohuo ukuta wa ndani huvimba na makamasi mazito huziba upenyo uliobaki. Kijia kikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16. Ndiyo maana kifua hulia mluzi, hasa mtu anapotoa pumzi, maana hapo mapafu yanasinyaa na vijia vinabanwa zaidi.

Sasa mtu anaachama, anabonyeza mara mbili harakaharaka, basi. Dawa karibu yote imeishia kwenye ulimi na koo. Inavyotakiwa ni hivi: tikisa pampu, toa pumzi mpaka iishe, bana midomo kwenye mdomo wa pampu, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta hadi kifua kijae, kisha zuia pumzi sekunde 10. Kama unahitaji dozi nyingine, subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia.

Watoto hawaliwezi hilo, na watu wazima wengi vilevile. Chupa ya maji ya nusu lita, ikiwekwa kati ya pampu na mdomo, inasaidia sana. Toboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu na kuubana, kisha zungushia plasta. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hushika umeme tuli na dawa hunata humo. Mtoto anabana midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara 1, anapumua taratibu mara 5 au 6. Mtoto mchanga anahitaji chemba, yaani chombo cha kupitishia dawa kinachouzwa tayari, yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Wapo wanaokimbilia vidonge vya salbutamoli, dawa ileile ya pampu ya bluu, kwa sababu ni rahisi. Kidonge cha miligramu 4 kina dawa sawa na mibonyezo 40 ya pampu ya mikrogramu 100, inapita tumboni na kwenye damu ya mwili mzima, ndipo mikono inatetemeka na moyo kwenda mbio, na nafuu yenyewe inachelewa.

Pampu ya bluu hulegeza misuli tu. Uvimbe hautibu. Anayeihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki amwone daktari kuhusu pampu ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe kama beklometasoni, inayotumika kila siku hata kifua kikiwa shwari. Nguvu yake huonekana baada ya siku kadhaa au wiki, na wengi huiacha kabla ya hapo. Sukutua mdomo na uteme kila baada ya kuivuta, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Wauzaji, tafadhali, mteja asiondoke kabla hajavuta mara moja mbele yenu.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye nyama za katikati ya mbavu zinazama, midomo inageuka rangi, au mluzi umenyamaza ilhali bado anahangaika, hewa haipiti vya kutosha. Apelekwe hospitali mara moja, na njiani apewe mibonyezo 4 hadi 10 ya pampu ya bluu kwa chupa, mmoja mmoja, kila dakika 20.

Wauguzi wa kliniki ya kifua,
Tanga