Jina la Chancy Chitete lisomwe hapa Kivu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma kila Novemba inapofika. Askari kijana wa Malawi, Chancy Chitete, mlinda amani wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka 2018 akimwokoa mwenzake, na wanafunzi wangu wa sekondari hapa Goma, ambao wengi wao wana ndugu Beni na Oicha, walikuwa hawajawahi hata kulisikia jina lake kabla sijawasimulia.

Inafaa kwanza tukumbuke Beni ilivyokuwa wakati ule. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, walikuwa wakiwaua watu mashambani na majumbani mwao, na mwezi wa Agosti 2018, mauaji yakiwa bado yanaendelea, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina na kusambaa hadi mjini Beni. Shangazi yangu ni mkulima wa kakao upande wa Mbau. Msimu ule hakukanyaga shamba: panga lake lilikaa nyuma ya mlango mpaka likashika kutu, na kakao iliyokwisha kuiva ikaozea mitini, kwa sababu waliojaribu kwenda kuvuna hawakuwa na hakika ya kurudi. Chitete na wenzake walikwenda msituni kwa ajili ya watu kama yeye, watu ambao hawakuwajua na wala hawakuzaliwa nao.

Tarehe 14 Novemba 2018 walinda amani wa Malawi na Tanzania walikuwa katika operesheni dhidi ya ADF huko Kididiwe. Watanzania waliposhambuliwa kwa risasi nyingi na kulazimika kurudi nyuma, Wamalawi walibaki wakiwakinga. Koplo mmoja wa Tanzania alipigwa risasi, akaanguka mahali pa wazi, akashindwa kusogea, huku waasi wakiwa karibu. Chitete alimfuata, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza ili damu isimwishie. Akiwa katika kazi hiyo, yeye mwenyewe akapigwa risasi, na jeraha hilo likamuua. Yule koplo alipona. Askari wengine wa Malawi na Tanzania walipoteza maisha katika mapigano hayohayo.

Mwezi wa Mei 2019, Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu nchini Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa mjini Kigali. Nishani ya kwanza kabisa ilikwenda kwa familia ya Diagne mwenyewe, na baada yake hakuna aliyewahi kuipata mpaka Chitete. Mjane wake aliipokea New York mikononi mwa Katibu Mkuu António Guterres. Heshima hiyo ilimstahili, lakini naona vibaya sana kwamba ilitolewa mbali namna ile, na sisi ambao damu yake ilimwagika katika udongo wetu tukakaa kimya.

Najua watakaonijibu kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Watu waliuawa kwa miaka mingi kambi za MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, zikiwa jirani, na Julai 2022 uchungu huo ulilipuka hapa Goma kwa maandamano yaliyogharimu maisha ya wengi. Wanaotaka kuuhukumu ujumbe huo kwa yale ulioshindwa kuyafanya wana haki. Ila askari wa cheo cha chini, ambaye hakupanga mkakati wala kutia saini azimio lolote, hawezi kubebeshwa lawama za wakubwa wake, hasa akiwa ametoa uhai wake wote.

Tena si kwamba hatujui kukumbuka. Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la Kongo, aliyeuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, bado anatajwa na watu ambao hawakuamriwa na serikali kumtaja. Moyo huohuo ungetosha pia kwa Meja Khatib Mshindo wa Tanzania, aliyekufa Agosti 2013 wakati wa mapigano ya Kibati, hapa hapa nje ya mji wetu, na kwa Watanzania waliouawa katika kambi yao ya Semuliki tarehe 7 Desemba 2017.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako lichapishe kila tarehe 14 Novemba majina ya askari waliokufa Beni, Wakongomani na wageni pamoja, bila kutenganisha vyeo. Wanafunzi wangu wameanza kuandika barua kwa mjane wa Chitete, nyingine kwa Kiswahili na nyingine kwa Kifaransa. Tutazipeleka kwa ofisi ya MONUSCO ili zifikishwe Malawi, na kama wasomaji wa Beni, hasa wakulima wa Mbau na Oicha, watapenda kuongeza zao, wazitume kwako, nasi tutazichukua.

Mwalimu wa sekondari,
Katindo, Goma