Sauti ya chini nayo ni sauti

Ndugu Mhariri,

Juzi umeme ulipokatika hapa Arua, binti yangu alinipachika spika moja ya sikioni. Nilidhani simu imeharibika: msichana alikuwa akinong'ona, kama anayeimba usiku akiogopa kuwaamsha wazazi. Ndiye Billie Eilish, mwimbaji wa Marekani. Albamu yake ya kwanza aliitoa Machi 2019, akiwa na miaka 17. Sehemu kubwa aliirekodi na kaka yake Finneas chumbani, nyumbani kwao Los Angeles, na Januari 2020 ikapata tuzo ya muziki ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Binti anasema inamgusa kwa sababu haimlazimishi kufurahi. Inataja hofu, ndoto mbaya, upweke. Mambo ambayo sisi wazazi, nakiri, hatuwaulizi. Nimeirudia mara tatu, na besi ile nzito chini ya mnong'ono bado inanisisimua.

Nawaomba maprodyuza wetu: msichana akija studio na sauti ya chini, msimwambie apaze ili wimbo upigwe klabu. Binti yangu aliambiwa hivyo mwaka jana. Tangu hapo anaimba jikoni tu, ameupa mlango mgongo.

Mama mzazi,
Arua