Snuka si pool iliyovaa tai

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya teknolojia alituambia Jumamosi iliyopita kwamba michezo ya kwanza ya kompyuta za nyumbani ilikuwa ya kufyatuliana risasi tu. Hilo ningemsamehe. Lakini akaongeza kuwa snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi kwenye mashimo ya meza kwa fimbo, ni pool iliyovaa tai, na hapo chai yangu ikapoa mkononi.

Mwaka 1986 nilikuwa nasomea unesi Sheffield, Uingereza, mji ambao ukumbi wake wa Crucible umekuwa na mashindano ya dunia ya snuka tangu 1977. Tiketi ningeipatia wapi? Ila mtoto wa mama mwenye nyumba alikuwa na kompyuta ya nyumbani, Commodore 64, na kaseti ya mchezo wa snuka uitwao Steve Davis Snooker. Nikitoka zamu ya usiku tunaweka kaseti, tunabandika maji, chai inaiva, tunakunywa, na mchezo ndiyo kwanza unafunguka. Hakuna cha risasi. Unasogeza alama kulenga, unachagua nguvu na mahali pa kuupiga mpira mweupe, kisha unakaa na dhambi zako ukitazama unakokwenda.

Balaa lilikuwa televisheni yetu: haikuwa ya rangi. Mezani kuna mipira 22, na ikiwa zamu yako ni ya kupiga nyekundu, ukigonga pinki kwanza, mwenzako anapewa pointi 6. Kwetu zote kijivu. Basi nikachora ramani kwa penseli nyuma ya bahasha: kijani kushoto, kahawia katikati, manjano kulia, bluu kitovuni mwa meza, pinki karibu na kundi la nyekundu, nyeusi nyuma yake. Nyekundu zikiwa bado zipo, mpira wa rangi ukitumbukia shimoni hurudishwa pale pale pake, kwa hiyo bahasha ilinifaa sana, mpaka mtu auguse wa kahawia ukazurura. Kijana anaapa ni nyekundu, mimi naapa siyo, mama yake anagonga ukuta.

Rafiki yake kijana huyo, mwenye kompyuta ya aina nyingine, ZX Spectrum, alikuwa akituonea wivu, maana mashine yake ilikuwa na rangi 8 na kahawia haimo. Sisi tulikuwa nayo, ila hatukuwahi kuiona.

Sasa mumuulize mwandishi wenu huo mpira wa kahawia una pointi ngapi. Akikwama, mnong'onezeni: 4.

Nesi mstaafu,
Chumbageni, Tanga