Barua kwa wauguzi wenye cheti mnaojitolea usiku

Wanangu,

Naandika nikiwa bado na hasira. Juzi nililala kwenye kiti cha plastiki katika hospitali moja ya binafsi hapa Dar, namuuguza dada yangu. Saa nane usiku dripu ikaisha, damu ikaanza kupanda kwenye mpira. Nikatoka kutafuta nesi. Wodi ya vitanda 32, binti mmoja mwenye cheti, mwezi wake wa nane "anajitolea", anapewa nauli ya daladala ya Mbagala. Alikuwa amemshika mzee anayetapika. "Mama, nakuja." Alikuja baada ya dakika arobaini.

Sikumgombeza. Nimevaa sare hiyo miaka 31.

Lakini ninyi nawagomba. Kujitolea ni mwezi, miwili, ukiwa na mkubwa wa kukuelekeza. Anayekuachia wodi nzima usiku hakufundishi, anakutumia. Dawa ikikosewa, sahihi kwenye faili ni yako na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni yako. Mwenye hospitali amelala kwake Mbezi.

Nimeisoma risiti ya dada: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda. Nesi hayumo, kafichwa ndani ya kitanda! Basi kwenye hesabu za tajiri, daktari analeta hela, nesi anakula hela, na kwa nesi ndiko anakobana. Tunaambiwa wauguzi hawatoshi, huku wenye vyeti wanauza vocha mtaani. Watu wapo. Zinazokosekana ni nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya wafanyakazi iliyoidhinishwa, na hela ya kuwalipa.

Kubana huko wapo waliokupima. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walitoa matokeo ya hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: kwa wagonjwa wa upasuaji, kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa nesi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 ulipanda asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu. California wanabanwa na sheria, wodi ya kawaida nesi mmoja wagonjwa watano. Sisi 32, na tunasema Mungu kapenda.

Mengine kwa kifupi: daini mkataba wa maandishi. Ukiwa peke yako, andika kwenye kitabu cha zamu, pamoja na idadi ya wagonjwa. Diploma msiache kuisomea. Na simu wodini, hilo nalo nimeliona.

Binti wa usiku ule, kanula, ule mrija mdogo wa dripu mkononi, uliyomwekea dada upya ilikaa siku tatu bila mkono kuvimba. Asubuhi nilikutafuta na kikombe cha uji, wakasema umeshakimbilia gari.

Mama yenu, muuguzi mstaafu, Temeke