Barua kwa wadogo zangu wa Mwanza mlioacha watoto wakubwa nyumbani

Mwangaluka wadogo zangu,

Nawaandikia nyie mliotoka Mwanza mjini, Magu, Sengerema, Ukerewe, kanda yetu yote ya ziwa, ambao saivi mpo huku Uingereza mnalea wazee wa watu na nyumbani mmeacha watoto ambao sio watoto tena, mmoja ana miaka 20 yupo chuo Malimbe, mwingine ana 27 na ana mke. Mimi ni mkubwa kwenu, nimekuja huku enzi za kadi za simu zile za kukwangua, unaongea na mtoto huku sauti ya mashine inakukatisha kukwambia zimebaki dakika mbili. Wanangu watatu wamekuwa watu wazima mimi nikiwa huku, na mpaka leo hakuna jambo kubwa linalowapata nikaja kulisikia kwa jirani. Najivunia wanangu na nasema wazi wala sioni aibu, wa kwanza ni mwalimu Ukerewe, wa pili ni fundi wa kuchomelea na alipata kibarua kwenye daraja la Kigongo hadi Busisi, wa mwisho anafanya biashara ya dagaa Kirumba. Hiyo ndo inanipa moyo wa kusema nanyi.

Wengi mlikuja na matumaini kwamba ukishatulia utawavuta watoto, sasa tuambiane ukweli, mtoto akishavuka miaka 18 kabla hujamuombea hawezi kuja kama tegemezi wako, na walioomba viza ya kulea wazee kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mtoto wala mume. Kwahiyo msiwaahidi. Mtoto mkubwa anayeambiwa kila mwaka "subiri nakuvuta" anaacha kupanga maisha yake pale Buzuruga, hatafuti kazi kwa nguvu, haoi, anakaa anasubiri, na siku akigundua hakuna safari hasira zote zinakuja kwako. Mwambie mapema, yeye atabaki kule na wewe upo huku na mtapendana hivyo hivyo kwa mbali.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, simu ya hela na simu ya mtoto zitenganisheni. Nikimaanisha kwamba siku unayoongea habari za ada, kodi, hospitali ya bibi, shamba, hiyo ni siku yake, malizeni mkate simu, na siku unayompigia mwanao kumsikia mwanao hela isitajwe kabisa, hata kama unajua anayo shida, hata kama wewe ndo unataka kumpa. Kwasababu nimeona jinsi inavyokwenda kwa wengi, mama anatuma hela halafu na hela inakuja na maagizo, usikae na yule, hama hapo, mbona hujaenda kanisani, na kijana wa miaka 25 ananyamaza anasema sawa mama kwasababu hela ni yako, anaendelea na mambo yake kimyakimya. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hela nayo ni fimbo ukiitumia hivyo.

Halafu kuna watoto wazuri, wenye aibu, ambao hawapigi simu kabisa kwasababu wanaogopa utafikiri wanaomba. Huyo usimsusie ukasema amenisahau, mpigie wewe. Na akipiga yeye, nawaomba sana, msipokee kwa kusema "kuna nini?" Nimewasikia wengi kwenye chumba cha mapumziko kazini, simu ya Mwanza ikiita tu mama anapokea, ee kuna nini, nani anaumwa. Mtoto alikuwa anataka kukwambia amekula sato mzuri leo, au timu yake imeshinda, sasa inabidi atafute sababu ya kupiga, na siku nyingine hapigi. Pokea kwa furaha, mwite jina ulilokuwa unamwita akiwa mdogo, kama ni Mayu ni Mayu, na ukae kimya aongee.

Sasa nije kwenye nyumba maana hapa ndo watoto wengi wanapotelea. Nina mwenzangu mmoja tulifanya naye kazi, simtaji. Alinunua kiwanja mlimani, Mwanza si mnaijua, lori la mchanga linaishia barabarani chini na kuanzia pale kila kitu kinapanda kichwani kwa mtu, tofali zinahesabiwa moja moja, simenti kwa mfuko, maji kwa ndoo, na kabla hata hujaanza msingi kuna jiwe katikati ya kiwanja linatakiwa kupasuliwa. Usimamizi akamkabidhi mwanae wa kwanza. Kijana anamwambia mama hela ya wabebaji imeisha, mama huku anapiga hesabu ya bei ya tofali anaona haziendani, hajui kwamba kulipandisha tofali nako ni bei, basi akaanza kudai picha, picha ya risiti, picha ya nondo, picha ya fundi akiwa ameshika mfuko, na kijana anatuma zote. Mwaka mzima maongezi yao yalikuwa ni saiti. Katikati ya huo mwaka kijana alivunjiwa uchumba na msichana ambaye walishafika mpaka hatua ya kupeleka barua ya posa, mama yake alikuja kulisikia kwa shangazi mtu. Nyumba ilipauliwa, bati jekundu, linaonekana mpaka barabarani, na kijana akahamia Geita na simu ya mama anapokea akijisikia.

Yule kijana hakuiba hata shilingi. Nasema hivi ili msidhani tatizo ni uaminifu, tatizo ni kwamba mama aliacha kuwa mama akawa bosi wa saiti. Kama unajenga, tafuta fundi mwenye mkataba wa maandishi, mlipe kwa hatua, msingi kivyake, boma kivyake, lenta, kupaua, mashahidi wawepo na mwenyekiti wa mtaa ajue, na mkaguzi awe mtu mwingine unayemlipa. Ikishindikana kabisa na ikabidi awe mwanao, basi mlipe posho kama unavyomlipa mtu yeyote, mpangieni siku moja ya wiki ya kuongelea saiti, siku zingine neno tofali lisitoke mdomoni kwako.

Mtaniuliza sasa kama hela hatuongei na nyumba hatuongei tuongee nini. Ongeeni kazi yake. Ijue kazi ya mwanao mpaka uweze kuuliza swali lenye akili. Mimi kwa huyu wa dagaa nimejifunza mpaka kufuatilia mwezi. Kipindi cha giza wavuvi wanaingia ziwani usiku na taa zao, alfajiri mitumbwi inarudi, yeye yupo pale anagombania mzigo na wenzake, mchana kutwa kuna kuanika na kugeuza, jioni kuna kukusanya, wakati huo ukimpigia anapokea kwa heshima tu ila akili yake haipo. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wengi wanapumzika, na ndo siku ambazo mwanangu ana muda wa kukaa anisimulie mpaka bando liishe. Kwahiyo nikitaka kumpata naangalia mwezi. Na masika simuulizi umekula, namuuliza jana ilinyesha? Maana dagaa wakinyeshewa kwenye kuanika wanaharibika, mzigo uliokuwa uende Kongo unaishia kuuzwa bei ya chakula cha kuku, na mtu aliyepata hasara hiyo anataka mtu wa kumsikiliza, sio wa kumwambia nilikwambia usome uhasibu. Mwanangu anaamka saa tisa usiku, anajua kwa kushika tu kama dagaa wamekauka au wameloa ndani, wateja wake wa nje ya nchi wanamwachia hela bila maandishi kwasababu ya jina lake. Namwambia hivyo yeye mwenyewe, kwa mdomo wangu. Watoto wetu wanasifiwa misibani na kwenye mavikao wasipokuwepo, na wao masikioni mwao wanapata maonyo tu, hiyo geuzeni. Ila sifa za mmoja msizipeleke kwenye grupu la familia mkamlinganisha na mwingine, mpigie mwenye sifa zake umpe.

Huyu wa daraja naye lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 alinipigia vidio kol anaonyesha, kilomita 3 juu ya ziwa, mahali ambapo tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko na mgonjwa kwenye gari, ananiambia mama pale, sio hapo, pale, kile chuma nimechomelea mimi. Mimi sikukiona vizuri maana jua lilikuwa kali kwenye simu yake, lakini niliuliza chuma gani, kinashikilia nini, mlipanda na nini, na aliongea karibia saa nzima. Kijana huyu ukimuuliza "mambo yako yanaendaje" anajibu "poa" anamaliza.

Jambo lingine ni kufichana. Nyumbani wana tabia ya kumficha mtu wa nje, tumekuficha usije ukapata presha, baba mdogo kalazwa wiki ya tatu Bugando wewe unaambiwa ana malaria kidogo. Na sisi tunawaficha pia, tunatuma picha ya koti zuri na theluji, hatusemi kwamba usiku tumegeuza wazee kitandani mpaka kiuno kimekufa. Kubalianeni na watoto wenu kwamba hakuna kufichana, pande zote mbili. Mtoto mkubwa akijua ukweli wa boksi unalobeba, yaani kazi ngumu ya huku, heshima yake kwa ile hela inabadilika, na yeye akishaona unaweza kubeba habari mbaya bila kupiga kelele atakuletea zake.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kule kule Ukerewe, watu waliopoteza maisha walikuwa zaidi ya 200, mimi nilipata habari nikiwa kazini, na mwanangu mwalimu yupo Ukerewe. Sisi tuliokuwa Mwanza mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama tunajua hofu ya kusubiri jina, ila wakati ule hakukuwa na simu mkononi. Siku hiyo kabla sijapiga hata mara moja nilikuta meseji yake, maneno mawili tu, "niko salama". Tulishapatana hivyo zamani, likitokea jambo lolote kubwa kule au huku, kwanza maneno hayo mawili, maelezo baadae. Aliniambia baadae kwamba wanafunzi wake walikuwa na ndugu mle, na alikaa nao mpaka usiku. Pataneni na wenu leo hii kabla hakijatokea chochote.

Kwa wakwe nitasema kwa kifupi. Binti yako akijifungua wewe haupo, anayemkanda na kumpikia uji ni mama mzaa chema au jirani. Usishindane nae kwa simu, eti sisi kwetu hatufanyi hivyo. Mpigie umshukuru, mtumie kitenge, muulize yeye hali ya mzazi. Na mke wa mwanao ongea nae yeye kama yeye, usimfanye njia ya kumchunguzia mumewe.

Mkienda likizo msikae hotelini Capri Point mkawaita watoto waje kuwasalimia. Lala kwa mtoto, kwenye godoro lake, kula alichopika, amka nae saa anayoamka, panda nae daladala anayopanda. Na mtoto akikupa kitu pokea. Wangu ananitumia dagaa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa wasafiri kila akipata mtu, na kuna dada hapa aliniambia ningekuwa wewe ningemwambia asijisumbue ale yeye. Hapana jamani. Mtoto mzima anataka na yeye kumlisha mama yake, ukimkatalia kila mara unamrudisha utotoni. Mimi nakula nampigia namwambia leo nimeunga kwa nyanya na karanga, dagaa wako hawana mchanga hata kidogo, na najua siku hiyo atawahadithia wenzake pale sokoni.

Mwisho niwakumbushe saa, maana hesabu ni yetu sio ya watoto. Kwetu saa hazibadiliki, huku zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kiangazi wametutangulia masaa mawili, baridi ikianza ni matatu. Anayetoka shifti ya usiku saa mbili asubuhi, kiangazi Mwanza ni saa nne, na wakati wa baridi ni saa tano, mtoto wa ofisini yupo kazini, mpigie ukiamka jioni. Wenye shida ya kujipangia nipigieni mimi Jumamosi nipo nyumbani, tukae tupange pamoja.

Dada yenu mkubwa,
Mama wa Kirumba, Leicester