Boti ya mpira ndiyo inayoamua siku

Mhariri,

Naomba nafasi niongezee kidogo kwenye makala yenu kuhusu watu wanaoishi ndani ya vyombo vya matanga huko Karibi. Mwandishi ameisifu siku ya kushuka nchi kavu kama siku ya kunyoosha miguu. Kwa mkazi wa chomboni hiyo ndiyo siku ya kazi: maji, gesi, chakula, nguo chafu na taka, vyote hupita kwenye boti moja ya mpira ya mita tatu hivi.

Karatasi hutangulia, maana karibu kila kisiwa kina serikali yake. Chombo huingia na bendera ya njano, ishara kwamba bado hakijapata kibali, na nahodha peke yake ndiye anayeshuka kwenda forodha na uhamiaji, mkononi ana pasipoti za wote, usajili wa chombo na hati ya kuondokea bandari aliyotoka. Asipokuwa na hiyo ya mwisho, ajiandae kwa maswali. Grenada, Saint Lucia na Dominica hutumia dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976; ukivuka kwenda Martinique ni euro. Na nguo za mabaka ya kijeshi zibaki kabatini: Barbados, Saint Lucia na Grenada ni kosa kwa raia kuzivaa, hata iwe kaptula ya mtoto.

Sasa boti yenyewe, ambayo makala haikuigusa kabisa. Maji kupwa na kujaa katika visiwa vingi vya huko ni kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo si hayo yanayoharibu. Kinachoharibu ni mawimbi kuisukuma boti chini ya gati, kisha kuiinua ikagonga misumari na chaza. Dawa yake ni nanga ndogo ya tezi, yaani nyuma ya boti, inayoivuta isikaribie gati. Kamba ya omo, yaani ya mbele, iwe ndefu, mita tano au zaidi, ili wanaokuja baadaye wapate kupenyeza zao. Injini iachwe imeshushwa, maana ikiinuliwa, rafadha, yale mapanga yake yanayozunguka, hutoboa boti ya jirani. Kufuli bila waya wa chuma unaopita kwenye injini na tangi la mafuta halina maana, na usiku boti ipandishwe ubavuni mwa chombo kwa kamba ya kupandishia tanga. Inayoachwa ikielea ndiyo inayoibwa.

Pasipo na gati, hushukwa ufukweni. Mawimbi huja kwa makundi. Subiri kubwa la mwisho lipite, ulifuate mgongoni, uzime na kuinua injini kabla haijagusa mchanga, kisha wote waruke na kuivuta juu haraka kabla haijageuka ubavu. Miezi ya Novemba hadi Aprili mawimbi marefu ya Atlantiki ya Kaskazini huweza kuzunguka hadi ghuba zilizokingwa dhidi ya upepo: asubuhi shwari, alasiri yanavunjika pale pale uliposhukia. Kuna pia magugu ya sargaso, mwani unaoelea baharini, ambayo tangu 2011 yamekuwa yakija kwa wingi. Huziba tundu la maji ya kupozea injini. Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini ukikatika, zima hapo hapo.

Kuchota maji huchukua nusu ya asubuhi. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na manne pamoja na watu wawili yanatosha kuizamisha boti hadi mawimbi yaanze kuingia. Yapangwe katikati, na safari hiyo ifanywe mapema kabla upepo wa mchana haujakaza. Maji ya bomba yenye klorini yasitumiwe kusafishia mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari; klorini huua utando wake wa kuchujia.

Gesi ndiyo huwakwaza wageni zaidi. Mtungi wa Kimarekani wa propani hauingiliani na vifaa vya visiwa vya Ufaransa, ambako mitungi ya butani hubadilishwa, haijazwi. Jaza kabla ya kuvuka, tena usipite asilimia 80, kwani gesi ikipata joto inahitaji nafasi ya kutanuka.

Katoni zote zibaki gatini. Mende hutaga kwenye mikunjo yake, na wakishaingia chomboni ni vigumu kuwaondoa. Ndizi huchovywa baharini zikiwa mkungu mzima ili wadudu watoke. Mayai nunua yale ambayo hayajawahi kuwekwa kwenye friji. Hayo hudumu majuma kadhaa bila baridi, ilimradi yageuzwe kila baada ya siku chache.

Jua huzama saa kumi na mbili au karibu na hapo, na giza huja ghafla. Taa ya nanga iwashwe kabla ya kuondoka asubuhi, hata kama jua linawaka. Ghubani huwa na taa nyeupe kadhaa zinazofanana, basi tundika na kitaa cha rangi nyingine tezini, ili unaporudi na madumu usigonge mlango wa jirani.

Msomaji wenu wa kurasa za safari