Watabiri watuambie na mashaka yao

Mhariri,

Ndugu zangu wa Lushoto wamenipigia simu na lalamiko lile la kila mwaka: redio ilisema masika yatakuwa mazuri, wakapanda mahindi, mvua ikawapita pembeni. Naomba nafasi niwaeleze jambo la huku niliko, maana hasira hiyo nimewahi kuwa nayo nikiwa na beleshi mkononi.

Mimi ni msimamizi wa jengo la ghorofa, Bronx, New York. Theluji ikianguka, njia ya waenda kwa miguu mbele ya jengo ni jukumu langu. Ikikoma mchana, sheria ya jiji inatupa muda wa saa nne tuwe tumeiondoa. Utabiri ndio unaoniambia ninunue magunia mangapi ya chumvi, vijana wa kunisaidia waje saa ngapi, na kama nilale kwangu au kwenye chumba cha boila.

Jumatatu ya tarehe 13 Machi 2017 ilibaki wiki moja tu majira ya kuchipua yaanze. Februari ilikuwa na joto hata micheri, ile miti ya maua ya Washington, ikatoa matumba mapema. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ikatangaza dhoruba: zaidi ya futi moja ya theluji jijini, pengine karibu futi mbili. Shule zikafungwa. Treni zinazopita juu ya nguzo zikasimamishwa kuanzia saa kumi alfajiri. Nikawaambia vijana waje mchana, theluji ikishapungua, nikalala kwenye boila.

Asubuhi nikasikia sauti kama ya mchele unaomwagwa juu ya bati. Chenga za barafu! Hewa ya uvuguvugu kutoka baharini ilikuwa imeingia huko juu, ikaiyeyusha theluji njiani, na matone yakaganda tena kabla ya kufika chini. Inchi moja ya maji hutoa kama inchi kumi za theluji, lakini chenga ni inchi mbili au tatu tu. Central Park, bustani kubwa ya katikati ya jiji, wakapima inchi 7.6 za theluji. Wapangaji wakasema tumedanganywa. Kumbe Binghamton, bara ya jimbo hili hili, watu walifukiwa na zaidi ya inchi 30. Dhoruba ilikuja kweli, ila mpaka kati ya theluji na chenga ulisogea ukatupita sisi wa pwani. Machi ndivyo ilivyo: joto likizidi nyuzi moja au mbili tu, kinachoanguka ni kitu kingine.

Watabiri siwalaumu kwa hilo. Kinachoniuma ni kwamba Jumatatu alasiri walishaona modeli za kompyuta zikipunguza theluji ya jiji, wakashauriana, wakaacha makadirio yale yale makubwa kwa kuhofia kuwachanganya watu. Baadaye walilieleza hilo wenyewe. Nia yao ilikuwa njema, na dhoruba huua. Lakini chenga hazisubiriwi kama theluji. Unatangulia kumwaga chumvi na kukwangua tangu alfajiri, kabla hazijashikana. Vijana walipofika mchana walikuta zege. Tulivunja kwa sululu hadi usiku, na mzee wa ghorofa ya pili aliteleza mlangoni akavunjika kifundo cha mkono. Neno moja tu, “huenda zikawa chenga,” lingetosha kunibadilishia ratiba.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri. Utabiri wa masika nyumbani hutolewa kwa maneno yaliyopimwa: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani, mkoa kwa mkoa. Ukifika kwa mkulima umeshakuwa “mvua zipo.” Gazeti lako lichapishe yale maneno yenyewe, pamoja na sehemu ambazo watabiri bado wanasitasita. Mama yangu ana ekari moja. Akijua kwamba wanasitasita, atapanda nusu, na mbegu za nusu ya pili atazifunika kwenye debe.

Msimamizi wa jengo, mzaliwa wa Lushoto
Bronx, New York